Jinsi Nilivyompika Mama Nane

Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, hakuwahi kununua magadi dukani. Alichoma maganda makavu ya maharagwe, akatia majivu kwenye chungu kilichotobolewa chini, akamwagia maji juu, na yale yaliyodondoka ndiyo munyu. Munyu unalainisha mboga. Kunde zilizokomaa, zile ambazo hata mbuzi anazipita, ukizitia munyu kidogo zinalainika kama ulimi. Ukizisahau motoni ni habari nyingine.

Siku moja wazee wa posa walikuja kumwulizia shangazi yangu mdogo. Kukhu akanikabidhi chungu cha kunde, akaniambia, "Usiangalie moto. Angalia jani." Nikaitikia. Mara lori la miwa likakwama kwenye tope pale barabarani, na mimi ni nani nisiende kuona lori lililokwama? Tulilisukuma mpaka likatoka, nikarudi nimepakwa tope hadi masikioni. Ndani ya chungu hamkuwa na kunde. Mlikuwa na uji wa kijani na nyuzi mbili tatu zikielea. Wageni wakapakuliwa hivyo hivyo, maana hakukuwa na kingine. Mzee mmoja aliuliza kwa adabu kama nyumbani mwetu kuna mgonjwa. Shangazi aliolewa, ndiyo, lakini huko alikoolewa sisi tunaitwa watu wa uji wa kijani mpaka kesho.

Kukhu hakunipiga. Alisema tu, "Jani lilikuwa linasema na wewe, lakini wewe hukuwepo." Nilikuwa na miaka tisa. Mtu angedhani nilijifunza.

Nalikumbuka jambo hili kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja alinifuata hapa Nsambya na simu yake. Ana digrii, ana koti jeupe, ana kila kitu. "Jjajja," ananiambia, kama wanavyoitwa wazee hapa, "huyu mdudu ni wa jenasi gani?" Natazama. Tawi. Kwenye tawi pana nundu, kubwa kama punje ya njugu. Nikamwuliza mdudu yuko wapi. "Si huyo hapo, Jjajja." Nikamwambia hiyo ni nyumba. Wewe ukipiga picha ya nyumba yangu, utajua nina meno mangapi? Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa natania. Meno yangu ni kumi na moja, na hakuna picha ya mlango itakayokwambia hivyo.

Sasa nakaa naandika, na mkono wenyewe unatetemeka, na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msinisumbue na nukta. Nimefanya kazi ya wadudu gamba, hao wa kwenye nundu, miaka mingi kuliko umri wenu. Nitawaambia ninachojua, halafu nitawaambia nilichokosea, na hicho cha pili ndicho kinachonikera zaidi.

Nilikuja Kampala kutoka upande wetu wa Kenya baada ya vita vya themanini na sita kuisha. Mjomba wangu alikuwa reli, anakaa kwenye nyumba za reli hapa Nsambya. Reli haikuwa na kazi ya kunipa, ila jirani yake alijua ofisi moja karibu na Bugolobi inayotafuta mtu wa kufagia. Ofisi ya miti na mimea. Sitaitaja jina, na waliokuwepo wanajua.

Chumba chenyewe cha wadudu kilikuwa kimepigwa na vita kama mtu. Makabati yalikuwepo, lakini droo nyingine zilitumika kama kuni. Chupa za wadudu zilikuwa zimepangwa kwenye rafu, kavu, kila moja na mdudu wake amekauka chini kama kashata. Nikauliza spiriti imekwenda wapi. Nikaambiwa watu waliipitia wakati wa vita wakainywa. Pamoja na wadudu? Hapana, mdudu walimwacha. Walikuwa waungwana.

Aliyenijibu hivyo alikuwa Papa Byamungu. Mkongomani wa upande wa Kivu, mrefu, mkavu, shati limefungwa kifungo cha mwisho shingoni hata jua likiwaka. Alijifunza kazi kwenye kituo kimoja cha utafiti huko kwao zamani za Wabelgiji, akakimbia mambo yao ya huko, na pale ofisini alikuwa peke yake anayeweza kumweka mdudu gamba kwenye kioo. Karatasi za ukimbizi alikuwa nazo. Cheti cha kazi hakuwa nacho, kwa hiyo kwenye vitabu vya ofisi aliandikwa "msaidizi". Mimi niliandikwa "mfagiaji". Mkubwa wetu alikuwa Dokta, kijana aliyesomea ng'ambo, na vitabu vyote vya ofisi vilikuwa vyake.

Nilikuwa nafagia polepole ili nimtazame Papa. Siku moja akaniambia bila kugeuka, "Weye unafagia sehemu moja tangu asubuhi. Njo ukae." Nikakaa. Ndivyo nilivyoajiriwa kazi ya pili bila mtu yeyote kuandika popote.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mnapopotea nyote. Mdudu gamba jike hana sura. Si kama nzige au kipepeo. Ameingiza mdomo kwenye mti, mrefu kama uzi, akakaa hapo hapo mpaka kufa. Mti ukiudhika unavimba kumzunguka, ndiyo nundu. Ukiipasua nundu unaweza kukuta mama mwenyewe, au ukakuta sisimizi aliyehamia, au nyigu mdogo aliyemla mwenye nyumba na kulala kitandani mwake. Watu wamekwisha kuandika barua ndefu kuhusu nyigu wakidhani ndiye mjenzi. Dume ana mabawa, anapendeza, anaishi siku chache na hakusaidii kitu. Jenasi unaipata kwa mama. Na mama ukimtazama kwa macho ni tone la mafuta ya manjano, basi.

Kwa hiyo unampika. Ndiyo, unampika. Unamtoboa ubavuni kwa sindano nyembamba. Papa alitengeneza zake kwa waya wa gurudumu la baiskeli, akazinoa juu ya jiwe. Unamtia kwenye maji ya potashi. Potashi inakula mafuta na nyama yote ya ndani, inabaki ngozi tupu, na kwenye ngozi ndipo kila kitu kimeandikwa. Potashi yetu ilitoka kwa watengeneza sabuni. Siku ya kwanza nilipoinusa nilimwona Kukhu amesimama mlangoni. Ni munyu ule ule, wallahi, umetiwa hasira tu.

Kikombe kidogo cha kioo kinakaa ndani ya sufuria ya maji, sufuria inakaa juu ya sigiri. Moto unapasha maji, maji yanapasha potashi. Kamwe kikombe kisikae juu ya makaa. Mama akianza kung'aa kama karatasi ya pipi, unamtoa. Unamkamua kwa upande wa sindano, kidogo kidogo, kama unayemkamua mtoto jipu. Mara ya kwanza nilimkamua nikamrarua. Papa akasema, "Mama huyu alikufa kwa spiriti. Sasa weye umemuua mara ya pili. Polepole." Unamwosha. Unamtia rangi, anageuka waridi. Unamlaza kwenye mafuta ya karafuu. Haya tuliyapata soko la Owino kwa mwanamke aliyeyauza kwa watu wenye jino bovu, na kila tulipokwenda alitupa pole. Halafu gundi, halafu kioo chembamba juu, halafu lebo. Mti gani, wapi, lini, nani alimleta, na je, ni mama au ni mtoto.

Hiyo ya mwisho ishikeni. Nitairudia.

Kwenye miti ya mutuba, ule wanaoutoa gome na kulipiga mpaka liwe nguo ya lubugo, tulikuwa tunapata nundu za aina mbili zinazofanana kama mapacha. Kwa nje huwezi kuzitenga, hata uwe na simu tatu. Kwa ndani mama ni tofauti. Wa kwanza hana miguu kabisa. Ameitupa, haimfai kitu. Vipapasio vyake vimebaki vijiti viwili vifupi vya aibu. Lakini kuzunguka ukingo wa mwili wake wote ana vitundu viwili viwili vilivyoshikana, kila jozi ni nambari nane, nane, nane, nane, kama shanga. Huyo mimi na Papa tulimwita Mama Nane. Kwenye lebo niliandika Asterolecanium kwa kunakili herufi moja moja, kama mtu anayehesabu vifaranga vinavyokimbia.

Wa pili ni wa jenasi nyingine. Miguu yake anabaki nayo, midogo lakini ipo, sita, na nyuma ana vipembe viwili na miiba mifupi mgongoni. Nane hana hata moja. Huyo tulimwita Mama Miguu.

Kwa mwenye miti, tofauti ilikuwa hivi. Mama Nane anaishi na mutuba tangu zamani. Unakata matawi yaliyovimba, unapaka maji ya sabuni, mti unaendelea na maisha yake. Mama Miguu ofisi ilimwogopa. Ilisemekana ametoka nje na anatambaa shamba kwa shamba, na amri ilikuwa moja, ng'oa yote, choma yote.

Na sasa mtego wa Mungu. Mtoto wa Mama Nane, akizaliwa, ana miguu sita. Anatambaa siku zake mbili tatu chini ya tumbo la mama na kwenye tawi, halafu anatulia, anaitupa. Kwa hiyo ukiona miguu usiruke. Uliza kwanza huyu ni mama au ni mtoto.

Ssalongo alikuja na tawi lililofungwa kwenye jani la mgomba. Jina lake jingine sikulijua. Alizaa mapacha, na Kampala hilo linatosha. Alikuwa mpiga lubugo, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto kwa sababu ya nyundo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kama cha wengi pale.

"Miti yangu iko na vidonda," alisema. "Miti ya taata, baba yangu, na taata wa taata. Mimi natoa ngozi, mimi navalisha yeye majani ya ndizi, yeye napona. Kila mwaka. Mwaka hii iko navimba. Nyinyi angalia, ssebo. Mama yangu nasema yeye taka kuzikwa na lubugo ya hii miti, si ya Owino."

Papa alikuwa na homa siku ile, hakuja. Dokta akaniita. "Wafura," maana kule jina langu Wafula halikuwahi kufika salama, "unaweza kumweka huyu kwenye kioo mwenyewe?" Nikasema naweza. Na nilikuwa naweza. "Nataka saa nane. Gari la wakubwa linaondoka saa tisa na ripoti."

Nilipasua nundu tatu. Mbili mlikuwa na sisimizi. Ya tatu mlikuwa na mama, mzima, mnono, na watoto wake chini yake kama vumbi. Nikamtoboa. Nikawatia wote kwenye kikombe, maana sikuwa na muda wa kuwatenga. Sufuria ya maji ilikuwa inachelewa kupata moto, makaa yalikuwa mabichi. Basi nikaiondoa sufuria. Nikakiweka kikombe juu ya wavu wa sigiri, moja kwa moja.

Ningesimama pale pengine ningemwokoa. Lakini nje kukawa na kelele. Mnawajua wale kaloli wa Bugolobi, ndege warefu wenye upara, wanaotembea kama makarani waliostaafu. Mmoja alikuwa ameingia kwenye ofisi ya uhasibu kupitia dirishani akatoka na samaki wa mhasibu, mzima, na kitambaa chake. Mhasibu akamfuata na rula. Ndege anarudi nyuma hatua mbili, mhasibu anasogea hatua mbili, ndege anammeza samaki nusu, anasita, kitambaa kimekwama kooni. Ofisi nzima ilikuwa nje. Mtu mmoja alipiga kelele, "Mwache, bwana, ameshaanza kusali chakula." Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Niliporudi ndani kikombe kilikuwa kinachemka. Nikakitoa kwa shati. Nikatazama kwa hadubini. Mama hakuwepo. Mlikuwa na utando, kipande hapa, uzi wa mdomo pale. Uji.

Lakini watoto wawili watatu walikuwa wamepanda wakagandamana kwenye ukingo wa kikombe, juu ya potashi, na mmoja alikuwa amebaki mzima. Nusu saa ilikuwa imebaki. Nikamwosha, nikamtia rangi, nyingi mno, akawa mwekundu kama damu mpaka ukingo wake wote ukapotea kwenye rangi. Miguu ilionekana vizuri sana. Nikamfunika. Nikaandika lebo. Mutuba, mahali, tarehe, Ssalongo. Na mwisho nikaandika "jike mzima", yaani mama aliyekomaa, si mtoto.

Kwa nini niliandika hivyo? Nimejiuliza mara nyingi kuliko nilivyowahi kujiuliza jambo lolote, hata kuoa. Kwa sababu lebo ilikuwa na nafasi ya neno hilo, na Dokta alikuwa amesimama mlangoni anatazama saa. Hakuna sababu nyingine. Ningependa iwepo.

Dokta alitazama kwa muda mfupi. "Miguu," akasema, na nikamwona usoni amefurahi, maana ndiye angekuwa wa kwanza kumpata upande huo. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesoma lebo. Saa tisa gari liliondoka na ripoti, na baada ya siku chache Ssalongo akapata barua yenye mhuri: aing'oe miti yote ya mutuba na kuichoma, kabla ya Jumamosi ya wiki inayofuata.

Papa alipopona alianza kurudisha slaidi kabatini, kila moja kwenye droo yake. Nilikuwa nafagia. Nikasikia droo imesimama nusu.

"Wafula. Njo hapa." Alikuwa amekwisha kuiweka chini ya hadubini. "Nani alifanya hii?"

"Mimi, Papa."

"Kwenye lebo iko nini?"

"Jike mzima."

"Tazama kipapasio. Kirefu, pingili zote zipo. Tazama nyuma, nywele mbili ndefu kama za panya. Huyu ni mutoto wa jana. Mama yake iko wapi?"

Nikasema ndivyo nundu ilivyokuwa. Papa hakunitazama. Alichukua kile kikombe, kilichokuwa bado na alama nyeusi chini, akakiweka mbele yangu mezani. Akangoja. Nawaambieni, kungojewa na mtu mpole ni adhabu.

"Nilimpika," nikasema. "Nilitoka kumtazama kaloli."

"Kaloli."

"Alikuwa amemeza samaki wa mhasibu."

Papa alikijua kitambaa cha mhasibu cha kufungia samaki. "Na kitambaa?"

"Na kitambaa."

Niliona bega lake likitikisika mara moja, nikadhani nimesamehewa. Halafu akasema, "Enda mwambie Dokta. Weye. Si mimi."

Nikaenda. Dokta alinisikiliza mpaka mwisho, hiyo ni haki yake niiseme. Kisha akasema, "Wewe ni mfagiaji, Wafura. Unataka nipeleke barua juu niseme mfagiaji ameota mdudu mwingine?" Nikamwambia slaidi ipo, atazame nywele za nyuma. Akasema ameshatazama. Nikarudi.

Kesho yake Ssalongo mwenyewe akaja na barua mfukoni na tawi lingine mkononi. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango wetu. "Pengine ile tawi ya kwanza ilikuwa gonjwa peke yake," alisema. "Mimi naleta ndugu yake. Nyinyi angalia tena, bassebo. Mimi nakata mitatu tayari, ile ya mbele, mkono ikakataa." Papa akalichukua tawi kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto. Akamwambia arudi kesho kutwa. Ssalongo akaenda kulala kwa dada yake mwenye kibanda Owino.

Siku zile mbili sikuwahi kuona kazi kama ile, na sijaiona tena. Papa alipasua nundu kumi na moja, akachagua mama mmoja. Watoto aliwatenga kwa unywele, akawaweka kikombe chao. Sufuria ya maji. Makaa yaliyoiva, yamefunikwa majivu. Alikaa mbele ya sigiri asubuhi nzima bila kuinuka, na mimi pembeni yake, na nje kaloli hata wangecheza ngoma. Nilitazama jani, yaani nilimtazama mama. Aling'aa. Akakamuliwa tone kwa tone. Rangi kidogo. Mafuta ya karafuu yalikuwa yamebaki matone manne kwenye chupa, yakamtosha. Alipolala chini ya kioo, waridi hafifu, alikuwa hana miguu, ana vijiti vyake viwili vya aibu, na kuzunguka ukingo wote, bila kukatika, nane, nane, nane.

Pembeni yake Papa alimweka mtoto, kwenye kioo cha pili. Mtoto kama yule niliyemfanya mama, ila huyu hakuzidishiwa rangi. Na hata yeye, pamoja na miguu yake sita, ukingoni alikuwa na nane zake, ndogo, zimejipanga. Zilikuwepo tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyezifunika.

Dokta aliitwa. Aliinama kwenye hadubini muda mrefu. Alizungusha, akasogeza kioo, akarudi nyuma. Nilisikia anahesabu chini chini kwa Kiganda. Hatimaye akanyooka.

"Ni nane," akasema.

"Ni nane, Dokta," Papa akajibu.

"Kazi nzuri. Weka kabatini."

Papa hakuondoka mezani. "Na mwenye miti? Iko nje pale. Jumamosi ni kesho kutwa."

Dokta akafunga mlango. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, na hilo ndilo lililonichukiza. Alisema barua imekwenda juu na imesifiwa. Alisema ikirudishwa watauliza ofisi hii inaendeshwa na nani, na jibu litakuwa mfagiaji na mkimbizi asiye na cheti, na chumba kitafungwa, na sisi sote tutakwenda nyumbani, wenye nyumba. Alisema mutuba unachipuka hata kwenye kigingi cha ua. "Mtu yeyote asimwambie neno yule mzee. Atakayemwambia asirudi hapa."

Papa akauliza, "Hivyo?"

"Hivyo."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Hatua tatu, benchi. Makosa yalikuwa yangu, lebo ilikuwa yangu, na mlango ulikuwa wangu. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga katika chumba cha mjomba, na nilikuwa na ufagio mkononi, nikautazama ufagio.

Nitawaambia sasa hivi kuhusu miti, msije mkasoma mpaka mwisho mkiitafuta. Mitatu ya mbele ilikufa. Mingine ipo. Nilipita huko miaka mingi baadaye, nikaikuta imevalishwa majani ya ndizi kama wagonjwa wa hospitali waliokwisha pona wanangoja kuruhusiwa. Mama yake Ssalongo alizikwa alivyotaka. Hakuna mtu kutoka juu aliyewahi kwenda kukagua kama amri ilitekelezwa. Hata mmoja. Ndivyo barua ile ilivyokuwa muhimu.

Papa aliandika lebo mbili kwa mwandiko wake mdogo, akazikausha kwa pumzi. Akaweka slaidi zote mbili kwenye droo yake sahihi, mama juu, mtoto chini. Akafuta sindano zake za waya wa baiskeli, akazipanga mbele yangu, si mfukoni mwake. Akavua koti la kazi akalitundika kwenye msumari. Dokta alikuwa bado amesimama pale pale.

Akafungua mlango, akatoka. Nilimwona ameinama kidogo mbele ya benchi. "Mzee," alimwambia Ssalongo, "usikate. Mududu wako ni wa nyumbani. Kata matawi yenye kuvimba tu, paka sabuni. Hii karatasi inasema mambo ya mududu mwingine." Ssalongo alisimama, akaitazama barua, akamtazama yeye. Sikusikia alichojibu.

Papa akanyoosha shati, akahakikisha kifungo cha juu kimefungwa, akavuka uwanja kati ya wale kaloli, na hawakumpisha, akawazunguka yeye. Chupa ya mafuta ya karafuu ilikuwa imekwisha, na alishika njia ya mjini, kwa hiyo mimi, mpumbavu, nikadhani amekwenda Owino kwa yule mwanamke wa meno. Nikapasha sufuria ya maji ili akirudi aikute tayari. Alipinda kwenye kona ya barabara, na hakurudi.